Kutoka Patasi Hadi Mwale: Historia Fupi ya Lugha ya Kuchora Nakshi

Utangulizi

Makala hii ina madhumuni mawili. La kwanza ni kueleza kwa ufupi historia ya chombo ambacho siku hizi kinaonekana katika nyumba za watu na katika karakana ndogo ndogo, yaani mashine ya mezani ya kuchorea nakshi kwa mwale wa leza. La pili ni kuuliza kama lugha yetu inayo maneno ya kumfundishia mtu anayeanza kukitumia chombo hicho nyumbani kwake. Na iwapo maneno hayo hayatoshi, yatafutwe wapi.

Swali hili hatukuliokota njiani. Mwalimu mmoja wa ufundi alituletea kijitabu cha maelezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili, ambacho hakina jina la mfasiri. Tulipokisoma tulicheka kwanza. Mahali palipotajwa feni ya kutolea moshi pameandikwa "feni ya uchovu", kwa kuwa mfasiri alichanganya maana mbili za neno moja la Kiingereza. Mahali panapotakiwa mwale upite mara mbili juu ya ubao pameandikwa "tumia pasi mbili", na mwalimu alitueleza kwamba mwanafunzi wake mmoja aliuliza kama pasi hizo ni za umeme au za mkaa. Kicheko chetu kilikoma tulipofika ukurasa wa usalama. Hapo msomaji ameagizwa avae "miwani ya jua" kabla ya kuiwasha mashine. Miwani ya jua haiwezi kuuzuia mwale wa leza. Mtu akiitii sentensi hiyo anaweza kupoteza jicho kwa muda mfupi kuliko ule wa kupepesa kope, na atakuwa amelipoteza kwa kufuata maagizo.

Hivyo basi hatuna budi kulitazama jambo hili kwa utaratibu. Tutaanza na kazi yenyewe na maneno yake ya asili. Kisha tutafuata historia ya mwale na ya mashine. Halafu tutamsindikiza mwanafunzi katika siku yake ya kwanza. Na mwisho tutatoa mapendekezo machache.

Maneno tuliyorithi

Kazi ya kuchora nakshi katika vitu vigumu ni ya zamani sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochorwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu ni ya shaba iliyotiwa nakshi. Milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja inajulikana duniani kote, na jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, lina baadhi ya milango mikubwa kuliko yote.

Mafundi waliofanya kazi hizo hawakuwa na upungufu wa maneno. Mlango wenyewe una miimo yake miwili kando, mfaa wake katikati na kizingiti chake. Vyombo vya kazi vina majina: tezo ya kuchongea, randa ya kulainishia, patasi na juba za kuchimbia, keekee ya kutobolea pamoja na uta wake, na keezo ya kukerezea. Lakini lililo muhimu zaidi kwetu ni kwamba vitenzi navyo vilitengwa vizuri. Kuchonga ni kuondoa sehemu ya kitu mpaka kipate umbo, kama vile kinyago au mpini. Kukereza ni kukipa kitu umbo la mviringo kwa kukizungusha. Kukata nakshi, au kutia nakshi, ni kuupamba uso wa kitu kwa kuuchimba. Kutia njumu ni kuupamba kwa kupachika madini. Kuchanja ni kukata mikato midogo bila ya kuondoa kitu.

Kitenzi cha kuchora kinastahili kuelezwa peke yake. Leo mwanafunzi wa shule akisikia neno hilo hufikiri penseli na karatasi. Walakini kamusi za zamani za Kiswahili, ikiwemo ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinataja maana ya kukata alama au nakshi katika kitu kigumu pamoja na ile ya kuandika picha. Mwenye kutengeneza muhuri huuchora, na sonara huchora jina ndani ya pete. Maana ya penseli imepata nguvu kwa sababu ya shule. Maana ya patasi imebakia kwa mafundi. Maana hiyo ya pili haikufa. Imekaa karakanani ikimngojea mfasiri aje kuitafuta.

Kuna kitenzi kingine ambacho kinahitaji uangalifu. Kuchoma ni kuunguza kwa moto, na pia ni kupenyeza kitu chenye ncha, kama sindano au mwiba. Mwale wa leza hufanya yote mawili: huunguza uso wa ubao, na ukizidishiwa nguvu huupenya. Kwa sababu hiyo sentensi kama "choma ubao kwa leza" haimwelezi msomaji kama akusudie alama ya juujuu au tundu. Katika ushairi maana mbili ni utajiri. Katika kitabu cha maagizo ni hasara ya ubao, na pengine ya meza iliyo chini yake.

Mwale ulivyozaliwa

Sasa na tuache pwani kwa muda tufuate historia ya mwale wenyewe, ambayo ni ya nchi nyingine na ya karne iliyopita.

Mwaka 1917 Albert Einstein alieleza kwamba chembe ya mwanga ikiipita atomu iliyokwisha kupandishwa nishati, yaweza kuichochea atomu hiyo itoe chembe nyingine ya mwanga inayofanana na ile ya kwanza kabisa. Wazo hilo lilikaa miaka mingi bila ya kuundiwa chombo. Mwaka 1954 Charles Townes na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliunda chombo kilicholitumia kwa mawimbi mafupi ya redio. Chombo hicho walikiita kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yanayokieleza, na neno hilo likiandikwa kwa sauti za Kiswahili linakuwa "meza". Wafasiri wetu wana bahati njema kwamba chombo hicho hakikuingia majumbani, kwani tungejikuta tunaeleza habari za meza iliyowekwa juu ya meza.

Mwaka 1957 Gordon Gould, mwanafunzi katika chuo hicho hicho, aliandika katika daftari lake wazo la kufanya vivyo hivyo kwa mwanga, na akaunda neno jipya kwa kubadili herufi ya kwanza. Hilo ndilo neno ambalo sisi tunaliandika leza. Mwaka 1958 Townes na Arthur Schawlow walichapisha nadharia yao juu ya jambo hilo, na tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman alifaulu kuiwasha leza ya kwanza huko Malibu, California, kwa kutumia fimbo ndogo ya yakuti nyekundu iliyoangaziwa na taa ya kumweka.

Baada ya hapo hatua zilifuatana upesi. Mwaka 1962 Robert Hall aliwasha leza ya diodi, chombo kidogo sana kilichotengenezwa kwa kipitishi nusu. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alibuni leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwaka 1965 kampuni ya Western Electric ilianza kutoboa kwa leza almasi zinazotumiwa kuvutia waya, kazi ambayo kwa mkono ilichukua muda mrefu mno. Mwaka 1967, huko Uingereza, Peter Houldcroft alionyesha kwamba mpulizo wa oksijeni ukielekezwa mahali mwale unapoangukia, bamba la chuma hukatika vizuri. Leza ikawa imeingia kiwandani na kuungana na patasi na msumeno.

Mashine ilivyofika mezani

Mwale peke yake haujui kuchora. Unahitaji kitu cha kuuongoza, na hapo historia ya pili inaingia. Tangu mwaka 1603 Christoph Scheiner alikuwa amebuni chombo cha mikono iliyoungwa, ambacho hunakili mchoro kwa kufuata mkono wa mtu. Vyombo vya jamaa hiyo vilitumiwa baadaye kuchorea majina katika vikombe vya ushindi na vibao vya shaba. Kisha mwaka 1952, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, ilionyeshwa mashine ya kuchongea vyuma iliyoongozwa na namba zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Tangu siku hiyo mkono wa mtu haukuwa lazima. Ilitosha kuandika amri: nenda hapa, rudi pale, kwa kasi hii.

Hata hivyo mashine hizo zilikuwa ghali na kubwa. Mambo matatu ndiyo yaliyozileta nyumbani. La kwanza ni leza ya diodi yenye rangi ya buluu na zambarau, ambayo Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia nchini Japani aliionyesha katikati ya miaka ya 1990. Diodi za buluu zenye nguvu ziliingia baadaye katika projekta, na wapenda ufundi wakawa wanazitoa humo ili kuzifanyia majaribio. La pili ni bodi ndogo za umeme za bei nafuu, kama vile Arduino iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. La tatu ni programu ya bure iitwayo Grbl, iliyotolewa mwaka 2009, ambayo huziwezesha bodi hizo kusoma amri za namba na kuziendesha mota. Mambo hayo matatu yalipokutana, fremu ya alumini, mikanda miwili na kichwa kimoja cha leza vikatosha kufanya mashine ya kuwekwa juu ya meza ya mtu wa kawaida.

Tunayaeleza haya kwa sababu ya lugha. Kila hatua iliacha maneno yake: fizikia ilileta mwale na urefu wa wimbi, kiwanda kilileta mpulizo na mkato, mashine za namba zilileta amri na kasi. Anayefasiri kijitabu cha mashine hii anafasiri fani tatu kwa pamoja, na kila moja ina watu wake wa kuulizwa.

Siku ya kwanza

Tuchukue sasa kwamba mwanafunzi amekwisha kuinunua mashine ya diodi, na sanduku lipo mbele yake. Tumeona ni vema tueleze kazi yake kwa Kiswahili cha kawaida, ili tuone ni wapi lugha inatembea yenyewe na ni wapi inachechemea.

Kwanza achague mahali. Chumba kiwe na dirisha la kupitishia moshi au feni ya kuutolea nje. Chini ya mashine pawekwe bati au kitu kingine kisichoungua. Kizima moto kiwe karibu, na watoto wawe mbali. Mashine inayofanya kazi haiachwi peke yake hata kidogo, kwani ni moto unaotembea.

Pili, macho. Leza zimegawanywa kimataifa katika madaraja kuanzia la 1 mpaka la 4, na mashine hizi zikiwa wazi huwa katika daraja la 4, ambalo ndilo la hatari kuliko yote. Hata mwanga unaorudishwa na kitu kinachong'aa waweza kuliumiza jicho. Diodi za buluu hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450, na miwani inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa urefu huo na kuandikwa hivyo. Miwani ya leza ya aina nyingine haifai, ijapokuwa ni nyeusi zaidi. Lililo bora ni mashine iwe ndani ya sanduku la kuifunika, na miwani iwe kinga ya pili.

Tatu, kuunganisha fremu. Pembe zote nne ziwe mraba. Fundi seremala hulihakikisha hilo kwa kupima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, na kuangalia kama vipimo vimelingana. Njia hiyo hiyo inafaa hapa. Mikanda ikazwe sawasawa, maana mkanda uliolegea hufanya duara liwe yai.

Nne, fokasi. Lenzi huukusanya mwale mpaka uwe nukta yenye upana wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Nje ya umbali huo nukta hupanuka, na mstari huwa mnene na hafifu. Kwa kawaida mashine huja na kipande cha kupimia umbali kati ya kichwa na ubao.

Tano, jaribio. Mwanafunzi asianze na zawadi ya harusi. Achukue kipande cha ubao asichokihitaji, achore viraba vidogo kwa safu: kila safu kwa kasi yake, mathalani milimita 1,000, 2,000 na 3,000 kwa dakika, na kila kiraba kwa nguvu yake, mathalani asilimia 20, 40, 60 na 80. Kibao hicho akikitundika ukutani kitakuwa mwalimu wake. Hapa mfasiri awe macho. Kasi ikipungua, mwale hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi na ubao huungua zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyelelewa na methali ya mwenda pole hajikwai aelezwe kwamba katika mashine hii mwenda pole huunguza.

Sita, vitu vya kuchorwa. Mbao laini, mbao za tabaka, kadibodi na ngozi ya kweli vinakubali vizuri. Akriliki isiyo na rangi hupitisha mwanga wa buluu kama kioo cha dirisha, kwa hiyo mashine ya diodi haiwezi kuikata, ingawa ile ya gesi ya kaboni dayoksaidi huikata bila taabu. Plastiki ya PVC isitiwe kabisa chini ya mwale, kwa kuwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo hudhuru mapafu na kuzitia kutu mashine. Ngozi ya bandia aghalabu ina plastiki hiyo ndani yake. Basi neno "ngozi" katika kijitabu lisiachwe peke yake.

Liko jambo la saba, ambalo ni la sokoni. Mashine nyingi zimetangazwa kwa idadi kubwa ya wati, na mnunuzi hufikiri kwamba hizo ndizo nguvu za mwale. Mara nyingine zimekuwa ni wati za umeme unaoingia katika mashine, na mwale wenyewe ukawa na sehemu ndogo tu ya hizo. Mfasiri anayeandika "wati 20" bila ya kusema ni za nini amemsaidia muuzaji.

Mapendekezo ya istilahi

Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 mpaka Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wasanifu wa lugha yetu wamezoea utaratibu mmoja: kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na baadaye ndipo kukopa kutoka nje. Tumejaribu kuufuata utaratibu huo.

1. Leza. Hili ni la kukopa, nasi tunaliunga mkono. Katika Kiingereza neno hili si neno la asili, bali ni herufi zilizounganishwa. Kuzifasiri moja moja kungetupa sentensi nzima mahali pa jina. Kiswahili kilikwisha kufanya hivyo kwa rada bila ya matatizo. Wafasiri walio karibu na Zambia wakumbuke kwamba Leza ni jina la Mungu katika baadhi ya lugha za huko. Herufi ndogo, na neno mwale likitangulia, vitaondoa utata.

2. Mwale wa leza, wingi wake miale. Ni mwanga uliokusanywa unaotoka katika kichwa cha mashine. Neno mwanga peke yake lisitumiwe katika maonyo, kwani mwanga hauogopwi na mtu.

3. Kuchora kwa leza. Ni kuutia alama au nakshi uso wa kitu bila ya kukipenya. Tunakirudishia kitenzi hiki kazi yake ya zamani. Panapohitajika kutofautisha na penseli, isemwe kuchora nakshi.

4. Kukata kwa leza. Ni kuupitisha mwale mpaka upande wa pili. Kuchoma kusitumiwe kwa maana yoyote kati ya hizi mbili.

5. Kuunguza. Ni kubadilisha rangi ya ubao kwa joto, kwa kupenda au kwa bahati mbaya. Alama isiyotakiwa pembeni mwa mkato iitwe muunguo.

6. Mpito, wingi mipito. Ni safari moja ya mwale juu ya mchoro wote. "Mipito miwili" haitamfanya mtu alete pasi.

7. Upana wa mkato. Ni sehemu ya ubao inayoliwa na mwale. Maseremala wanalijua jambo lenyewe kutokana na msumeno, na mtu anayetengeneza sanduku la kuunganishwa asipolihesabu, viungo vyake vitalegea.

8. Mchoro wa mistari na mchoro wa vitone. Katika ule wa kwanza kichwa hufuata umbo lenyewe kama patasi inavyofuata ua. Katika ule wa pili huenda na kurudi safu kwa safu, kikiwasha na kuzima, kama mtu anayefuma mkeka.

9. Mpulizo wa hewa. Ni hewa inayoelekezwa mahali mwale unapoangukia ili kuondoa moshi na kuzuia miali ya moto.

10. Nguvu ya mwale na umeme unaoingia. Vyote viwili hupimwa kwa wati, na kila mara itajwe ni kipi kati ya hivyo.

11. Feni ya kutolea moshi. Jina hili ni refu, lakini kila mtu hulielewa mara moja, na hilo ndilo la maana.

12. Miwani ya kinga ya leza. Lisifupishwe kuwa miwani ya kinga, maana fundi wa kuchomelea naye ana yake. Wala lisibadilishwe kwa jina la miwani nyingine yoyote.

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii maneno ya kukopa ni machache: leza, wati, feni. Yaliyobaki yamekuwepo katika karakana, katika jiko na katika mkeka. Hatukuyabuni, tumeyaita tu yaje.

Hitimisho

Tumejifunza jambo moja katika kazi hii, nalo ni kwamba makosa ya kijitabu kile hayakutokana na umaskini wa Kiswahili. Mfasiri wake alikuwa na kamusi mkononi, ila hakuwahi kusimama kando ya mtu anayekata nakshi, wala hakuiona mashine ikifanya kazi. Angefika kwa seremala yeyote wa mtaani kwake angepata nusu ya maneno aliyoyahitaji. Na nusu ya pili angeipata kwa mwalimu wa fizikia. Kamusi ingemfaa baada ya hapo, kama shahidi wa kuyathibitisha yale aliyokwisha kuyasikia.

Watumishi wa serikali wanaopokea vijitabu vya namna hii kwa ajili ya shule na vyuo vya ufundi tunawasihi wasivipokee kabla ya kuukagua ukurasa wa usalama. Walimu tunawaomba watuandikie maneno wanayoyasikia kwa wanafunzi wao, kwa sababu mwanafunzi anayelikosa neno hulitunga, na mara nyingi hulitunga vizuri. Mapendekezo yetu si sheria. Aliye na neno bora kuliko letu na alilete.

Kijitabu chenyewe tumemrudishia mwalimu. Ukurasa wa usalama tuliuandika upya, na sentensi iliyotuhangaisha sasa inasomeka hivi: "Kabla ya kuiwasha mashine, wewe na kila aliye chumbani mvae miwani ya kinga ya leza iliyoandikwa urefu wa wimbi wa mashine hii. Miwani ya jua haifai. Asiye na miwani atoke nje." Mwalimu alitujulisha kwamba ameinakili sentensi hiyo kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni pa karakana yake.